Paa lisilopumua: shajara ya kupunguza joto la dari, Kibada

Nyumba yetu iko Kibada, Kigamboni: vyumba vitatu, mita 10 kwa 11, paa la mgongo wa tembo, bati la msauzi rangi ya maruni, dari ya jipsamu. Tulihamia mwaka 2019, na tangu hapo jioni zetu ni za kukaa barazani mpaka usingizi utushinde. Kiyoyozi cha chumbani kinapooza kikiwa kinawaka tu. Ukikizima, nusu saa haiishi unaanza kujipepea. Mafundi wawili waliniambia dawa ni kiyoyozi kikubwa zaidi. Mimi nimeamua kuanza na paa. Naandika kila hatua na pesa iliyoondoka, hata zile hatua za aibu, ili mwenye nyumba kama yangu asiziingie.

14 Oktoba 2023: kupima kabla ya kugusa

Sikukuu ya Nyerere nimeimalizia darini. Wiki nimeichagua makusudi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: siku hizi za Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi. Nikipima sasa na kurudia Machi, jua litakuwa lilelile.

Nilianza na kile kipimajoto cha kulengea paji la uso kilichobaki tangu enzi za korona. Kilitoa alama ya kosa, kikanyamaza. Kimetengenezwa kwa mwili wa binadamu, bati la saa 8 mchana halimo kwenye mahesabu yake. Ikabidi nivuke na pantoni hadi Kariakoo, nikanunua vipimajoto viwili vyenye waya wa kuning'iniza, shilingi 18,000 kila kimoja. Waya wa kwanza niliufunga kwenye papi, ile mbao inayopigiliwa bati, ukagusa bati, ukasoma 66. Hiyo ni joto la bati, si la hewa. Nikaushusha hadi nusu mita juu ya dari, katikati ya nyumba.

Saa 8 mchana: nje kivulini nyuzi 31, darini 54, chumbani 34. Saa 4 usiku nje ni 27, darini pameshapoa, lakini chumba bado kiko 31.5. Dari ilikuwa inaoka chumba mchana kutwa, kuta za tofali zikashiba joto, na usiku zinalirudisha polepole tukiwa tumelala.

Nikiwa huko juu na tochi nilitafuta hewa inaingilia wapi na kutokea wapi. Jibu ni kwamba haingii wala haitoki. Dari ya nje, ile ya upenuni, imefungwa kwa jipsamu kuanzia kona hadi kona. Kuta mbili za ubavuni zimepandishwa kwa tofali mpaka zikagusa bati. Nafasi pekee ni zile za chini ya migongo ya bati pale kwenye fishabodi, ubao wa ukingo wa paa, nazo zina wenyewe. Popo.

Kitu kingine: kenchi mbili (fremu za mbao zinazobeba paa) juu ya bafu zina ukungu mweusi, na misumari yake imeshika kutu. Nikafuata bomba la feni ya bafuni, nikakuta limekatwa darini, halikutolewa nje. Miaka minne tumekuwa tukioga maji ya moto na kupeleka mvuke wote kwenye mbao za paa.

28 Oktoba: popo kwanza

Huwezi kufungua paa lenye popo bila kuwapa popo nyumba kubwa zaidi, hivyo hii ikawa kazi ya kwanza.

Kosa letu: tuliziba mchana. Fundi alikata vipande vya bati kufuata umbo la migongo, akavipachika kwa silikoni na skrubu, saa 9 alasiri tukapongezana. Sikujiuliza popo wanakuwa wapi saa 9 alasiri. Usiku darini kukawa na mtafutano, na mmoja akapenya kwenye kifuniko cha tundu la kupandia darini.

"Baba Salma, kuna kitu kinazunguka kwenye feni."

Tulizima taa, tukafungua dirisha, akatoka mwenyewe. Kesho yake tulibandua vipande vitatu, tukaning'iniza juu ya nafasi hizo wavu laini uliofungwa juu na kuachwa huru chini. Popo akitoka magharibi huteleza chini ya wavu. Akirudi alfajiri hapati pa kuingilia. Usiku wa nne tulikaa nje tukihesabu, hakutoka hata mmoja, ndipo tukaziba. Ukifanya hivi hakikisha kwanza hakuna watoto wasioweza kuruka, maana watafia humo na harufu utaijua.

Kinyesi chao usikifagie kikavu. Vumbi lake linaweza kubeba kuvu anayeshambulia mapafu. Tulipulizia maji kwanza, tukavaa barakoa nzito na glavu, tukakusanya kwa koleo na kutia kwenye viroba. Vilitoka viroba viwili. Gharama: vifaa 58,000, fundi 25,000.

11 Novemba: "kitunguu" juu ya paa

Nimenunua ile feni inayozungushwa na upepo, dude la duara kama kitunguu ambalo huliona juu ya magodauni. Halili umeme. Shilingi 140,000, na kuipachika 40,000. Fundi alitoboa bati karibu na kofia, bati la kilele cha paa, tundu la upana wa sentimita 30, akaizungushia silikoni ya kutosha kupikia keki. Inazunguka vizuri hata upepo ukiwa hafifu. Watoto wanaipenda.

Darini saa 8 mchana: 53. Siku ya pili 53. Siku ya tatu 54.

19 Novemba: moshi wa udi

Mwaka huu vuli imekuja na El Niño, na mvua ya juzi imetuonyesha silikoni si sakafu ya zege. Bati la msauzi lina migongo na mabonde. Bamba la chini la kitunguu ni bapa. Maji yaliyoshuka bondeni yalikutana na ukingo wa bamba, yakajaa, yakapanda juu ya silikoni na kuingia. Sebuleni sasa kuna doa la rangi ya chai lenye ukubwa wa sinia. Jipsamu mpya, rangi, silikoni nyingine na fundi: 65,000.

Joto nalo halijashuka. Nilimuuliza fundi kulikoni, akasema, "Bosi, ongeza la pili." Nilitaka kwanza kuona hewa inakwenda wapi. Mke wangu alikuwa amewasha chetezo. Nikakichukua, nikapanda ngazi, nikakiweka chini ya kifuniko cha tundu la darini. Moshi ulinyooka ukaingia kwenye ufa wa kifuniko kana kwamba kuna mtu upande wa pili anauvuta. Nikaenda kwenye taa za dari, kila moja inavuta. Nikapanda darini, nikakiweka upenuni: moshi ukasimama wima, haukujua pa kwenda.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kitunguu kinataka kutoa hewa, na hewa inayotoka lazima nyingine ichukue nafasi yake. Upenuni pamezibwa, kwa hiyo kinanyonya chumbani kupitia nyufa za dari. Nilikuwa nalipia yuniti za umeme wa luku kupooza hewa ili nifukuze popo wasiokuwepo. Na kwa kuwa nyufa ni ndogo, hata hewa yenyewe inayopita ni kidogo mno kushusha joto.

Hewa ya moto hupanda. Ukiipa mlango wa juu bila wa chini, umeipa nusu ya safari.

9 Desemba: matundu ya upenuni

Wamarekani wana kanuni ya ujenzi: eneo la wazi la matundu ya paa liwe sehemu 1 kwa 150 ya eneo la dari, au 1 kwa 300 kama matundu yamegawanywa karibu nusu kwa nusu, chini na juu. Kanuni hiyo ilianza miaka ya 1940 katika nchi ya baridi, na lengo lake lilikuwa unyevu, wala si jua la Kigamboni. Naitumia kama namba ya kuanzia tu.

Dari yangu ni mita za mraba 110. Gawa kwa 300, unapata sentimita za mraba 3,667. Nusu yake chini, 1,833. Tundu la upana wa sentimita 10 lina sentimita za mraba 78.5. Nikapata matundu 24, nikafurahi, nikamwambia fundi. Usiku nikakumbuka wavu. Wavu wa mbu unakula sehemu kubwa ya tundu, na ukishika vumbi unakula zaidi. Nikahesabu kila tundu kuwa nusu, na matundu yakawa 48: 24 kila upande mrefu wa nyumba, mawili kila katikati ya kenchi na kenchi.

Kuacha wavu haiwezekani. Nyumba ya bibi ilikuwa ya makuti, upenu wazi, juu ubavuni pembetatu wazi, na ndani palikuwa na ubaridi ambao sijaupata tena. Lakini upenu huohuo ndio barabara kuu ya mbu wa malaria, hasa Anopheles gambiae, akifuata harufu ya waliolala ndani.

Kutoboa kwenyewe ni kazi rahisi ya msumeno wa duara kwenye drili. Vaa miwani, vumbi la jipsamu linashuka moja kwa moja machoni. Angalia na kitu hiki, maana mimi nilikigundua tundu la 15: juu ya dari ya nje mafundi walikuwa wametupa mabaki ya jipsamu, mifuko ya saruji na vipande vya mbao, vimesukumwa hadi ukutani. Matundu sita yalikuwa yanapumulia kwenye takataka. Tuliingia kwa tumbo, tukatoa yote kwa reki.

Gharama: msumeno 22,000, wavu mita sita 24,000, vifuniko vya plastiki 48 kwa 72,000, fundi siku mbili 70,000. Feni ya bafuni imepata bomba la inchi 4 na kiwiko hadi nje ya ukuta, 17,000. Hiyo ya mwisho ningeifanya hata kama nisingefanya mengine yote.

Darini saa 8: 48.

6 Januari 2024: luva za ubavuni

Kitunguu kimoja kina sentimita za mraba 707, hakitoshi kuwa nusu ya juu. Nikatoboa kuta mbili za ubavuni, juu kabisa chini ya kofia, tundu la sentimita 60 kwa 60 kila upande. Fundi alitaka luva, yaani fremu zenye mabapa yaliyoinama ya kupitisha hewa, za chuma. Kwa upepo wa chumvi wa huku, chuma kisichopakwa rangi kila mwaka kinaondoka mapema, nikachagua mbao ya mninga, 85,000 kila luva. Nyuma yake wavu wa aluminiamu, 18,000. Kutoboa, lenta ndogo, saruji, fundi na msaidizi: 120,000.

Nilitegemea sherehe. Nikapata 47.

Chetezo tena. Moshi niliouweka kwenye luva ya kaskazini uliingia ndani, ukaenda juu juu chini ya kofia, ukatokea kwenye kitunguu. Kaskazi imeshika, inasukuma hewa kwenye luva, na kitunguu kinaipokea mita nne mbele. Hewa ya upenuni haihitajiki tena kwenye biashara hiyo. Wao wawili wanapeana hewa safi huko juu, joto la chini limekaa palepale.

Kitunguu kikashushwa. Bati moja jipya 34,000, fundi 35,000. Watoto hawakufurahi, sasa kiko kwenye mti wa mwembe, kinafukuza ndege. Siku iliyofuata, darini 45.

27 Januari: foili, mara ya kwanza

Nyuzi 45 ni nafuu, lakini dari ukiigusa bado ina uvuguvugu. Sababu ni kwamba bati halipashi joto hewa tu. Bati la moto linamulika joto moja kwa moja hadi kwenye jipsamu, kama makaa yanavyokuchoma uso hata upepo ukivuma kati yako na jiko. Matundu hayazuii hilo. Foili inayong'aa inazuia, kwa sababu uso wake hutoa joto kidogo sana la namna hiyo, ilimradi iwe na hewa mbele yake.

Nilinunua roli tatu, 130,000 kila moja. Fundi akatandika zote juu ya dari kama mkeka, siku moja, 35,000. Kazi safi. Saa 8 mchana: 49.

Tulikuwa tumetandika hadi ukingoni, juu ya matundu yote 48.

Na hata tungeyaacha, foili iliyolala huko inapokea vumbi, na foili yenye vumbi haing'ai. Miezi michache ingekuwa karatasi ya kijivu.

10 Februari: foili, mara ya pili

Tumeiondoa na kuipandisha chini ya mbao za kenchi zinazofuata mteremko wa paa, uso unaong'aa ukitazama chini, ambako vumbi haliwezi kukaa. Chini upenuni tumeacha nafasi ya upana wa kiganja. Juu tumeishia sentimita 20 kabla ya kofia. Sasa hewa ya upenuni inapita pande zote mbili za foili, na ile ya kati ya foili na bati, ambayo ndiyo ya moto kuliko zote, inapanda na kutoka kwenye luva.

Hapa soma polepole. Foili inapitisha umeme, na pini za stepla zinaweza kutoboa waya uliopita juu ya kenchi. Australia walikuwa na mpango wa serikali wa kuweka vizuia joto kwenye dari za nyumba, mwaka 2009 hadi 2010. Vijana wanne waliokuwa wakifanya kazi hiyo walikufa, watatu kwa umeme na mmoja kwa joto la darini lenyewe, na mpango ukasimamishwa. Sisi tulizima swichi kuu, tukahamisha nyaya mbili zilizokuwa zimelala njiani, na tulifanya kazi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3 tu, siku tatu mfululizo. Fundi alilalamika siku ya kwanza. Siku ya pili saa 3 na robo aliteremka mwenyewe, jasho linamchuruzika hadi kwenye viatu.

Stepla na pini 28,000, watu wawili siku tatu 150,000.

2 Machi: kulinganisha

Jua limerudi utosini. Saa 8 mchana: nje 33, darini 39, chumbani 31.5. Saa 4 usiku: nje 28, chumbani 29.5. Kumbuka leo nje ni nyuzi mbili zaidi ya Oktoba, na bado chumba kimeshuka. Kiyoyozi kilikuwa kinakula yuniti 9 kwa usiku, sasa ni 6, na usiku mwingine tunakisahau.

Anayeuliza nini kimefanya kazi kubwa zaidi: kwa joto la mchana, foili. Lakini iliyotandikwa vibaya ilinirudisha nyuma nyuzi nne, na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa kuziba hewa. Kwa mbao na misumari, matundu na lile bomba la bafu. Ukungu wa kenchi niliufuta kwa brashi, haujarudi.

Kisichotatuliwa ni umande. Usiku wa mbingu wazi bati hupoa kuliko hewa, na hewa yetu ya pwani ina maji mengi, hivyo alfajiri bati bado linatoa matone kwa ndani. Tofauti ni kwamba sasa matone yanaangukia foili na kukauka kabla ya saa 4 asubuhi.

5 Mei: baada ya Hidaya

Kimbunga Hidaya kilitua Mafia jana kikiwa kimeshaanza kuchoka, lakini mvua na upepo tulipata vya kutosha. Upenuni pakavu. Luva ya kusini imeingiza maji: mvua ilikuja kwa ubavu, ikapanda kwenye mabapa ya mbao, ikalowesha jipsamu kiasi cha sahani mbili. Mabapa niliyainamisha kidogo mno. Nimeagiza kofia ya bati ya kuzuia juu yake, na ndani nitaweka trei ya bati yenye mdomo wa kutoa maji nje. Nimesita kuiziba kwa plastiki hata kwa wiki moja.

Hesabu hadi leo: 1,549,000. Kati ya hizo 349,000 ni za kitunguu, uvujaji wake, kukishusha, na foili ya mkeka. Jirani yangu anaezeka mwezi ujao. Nimemwambia atoboe dari ya nje kabla haijapanda, ikiwa chini kwenye meza, saa mbili zinatosha.

Wavu wa upenuni nimeupiga brashi leo. Miezi mitano, na upande wa barabarani tayari ulikuwa umeziba nusu kwa vumbi. Nitaupima tena Agosti, kusi ikiwa kali.